Jino la Juu

Jambo la mwisho la kawaida aliloniambia mke wangu lilihusu fizi za binti yetu. "Zimevimba. Jino haliko mbali," alisema, akimfuta udenda kwa pindo la kanga. Jioni hiyohiyo aliugua, na hakupona.

Nilipokuwa mtoto, kule Mkongo, jirani yetu alikuwa na mwana mchanga, Selemani, aliyetanguliza meno ya juu. Mtoto wa namna hiyo huitwa kigego, na husemwa kwamba jino lake huita mauti nyumbani. Masika yale babu yake alikufa. Alikuwa mzee, mgonjwa wa siku nyingi, lakini watu wakamtazama mtoto. Namkumbuka mama yake akimbonyeza mdomo kwa kidole kila alipocheka mbele za watu, hadi akajifunza kucheka amefumba. Nilimuuliza bibi yangu kama jino linaua.

"Haliui. Linaita tu."

"Sasa anayeua nani?"

"Nenda kachote maji."

Mwishowe familia ile ilihamia visiwani, huko mto Rufiji unakomwagikia baharini, wasikojulikana.

Nimesoma hadi chuo kikuu. Najua jino hutoka popote linapotoka.

Binti yetu, Zuhura, sasa anatambaa. Hataki kulishwa, kijiko anataka akishike mwenyewe. Huwakaripia kuku kwa ukali wa mama yake. Mlango ukifungwa hulia kwa hasira, si kwa huzuni. Mkwe wangu, aliyetoka Chumbi kuja kukaa nasi hapa Kibiti, humtania: "Mke mwenzangu huyu! Mume hajampata, amri keshaanza."

Siku moja nikimpa uji, kijiko kiligonga kitu. Kilikuwa juu. Tangu hapo nikawa namlisha mwenyewe, nimempa mkwe wangu mgongo. Lakini mtoto anayecheka hafichiki. Juzi alasiri alimcheka jogoo, na bibi yake akaona. Aliweka ungo chini.

"Baba Zuhura, hili limeanza lini?"

"Wiki hii, mama."

"Baada ya mwenzio kuondoka?"

"Baada."

Nilijibu haraka mno. Habari ya fizi zilizovimba niliijua peke yangu, na nilikwisha kuipigia hesabu mara nyingi, mimi na elimu yangu.

Akampakata mtoto. "Basi tutasema la chini lilitangulia. Nani alikuwa kinywani mwake? Na kama linaita, na liniite mimi. Chumvi nimekula ya kutosha."

Alisema kwa mapenzi, na hicho ndicho kilichoninyima utulivu. Mama yake Selemani naye alimpenda mwanawe. Kidole kile kilikuwa cha mapenzi. Sikumbuki aliyemchukia mtoto yule. Walimficha tu, na yeye akaelewa kwamba kuna jambo alilolifanya.

Asubuhi yake nilimbeba Zuhura hadi bombani, ambako majirani hutuuliza kila siku kama ameota.

"Bibi harusi wetu, bado kibogoyo tu?" akaanza mmoja, akicheka.

"Ameota," nikasema. "La juu."

Ndoo ilijaa, ikafurika, na hakuna aliyenyoosha mkono kufunga bomba. Nikamgeuza mtoto awatazame.