Chupa ya Divai Katika Shimo la Dhahabu

Mwaka wa tisini na nne jirani yangu Zilpah, hapa Iguhu, aliachiwa chupa mbili za divai, na nilimwonea huruma kuliko wivu. Mwanawe Mathew, mtoto wa kiume wa pekee, alikuwa shemasi, na Desemba angepewa upadri. Divai hiyo alizawadiwa na mwalimu wake wa seminari, naye akataka aisomee misa yake ya kwanza nyumbani kwao.

"Isipate joto, isipate mwanga, isitikiswe," alimwambia mama yake. "Na chupa ilale, kizibo kisikauke. Ikigeuka siki si divai tena, Mama. Siwezi kuisomea misa."

Kisha akarudi seminari, akatuachia mtihani.

Mimi ni wa kanisa la Friends. Kwetu hata divai ya meza ya Bwana hatuna, kwa hiyo ushauri wangu haukuwa na thamani yoyote, lakini niliutoa. Zilpah naye alijua kinywaji kimoja tu, pombe ya busaa aliyopika marehemu mama yake, na busaa ukiiziba sana hupasua chombo. Basi akachukua sindano ya kushonea magunia, akatoboa kizibo cha chupa ya kwanza ili ipumue. Nikamsifu! Baada ya wiki chache chumba kilinuka uchachu, inzi wakajaa, na ndani ya chupa mlikuwa na siki tupu.

"Nimeharibu misa ya mtoto wangu," Zilpah alisema huku analia.

"Bado iko moja, Mama Mathew. Hiyo usiguse na sindano."

Tangu siku hiyo nilimwona akizunguka nyumba yake mwenyewe kama mgeni, akibandika shavu ukutani. Chini ya kitanda palifaa asubuhi, lakini mabati yakishika jua chumba kizima kilikuwa tanuri. Darini kulikuwa na moshi. Kando ya mtungi wa maji palikuwa baridi, ila kila mwenye kiu angeigonga chupa. Nilikuwa nikiingia nyumba hiyo kila siku bila kujua kwamba kila pembe ina joto lake, na nilistaajabu.

Mumewe, Phanuel, alitazama yote hayo. Alikuwa mchimba dhahabu, shimo lake likiwa nyuma ya migomba, na tangu Mathew aingie seminari hakuwa amelitaja jina lake mbele ya watu. Mtoto wa kiume ni mmoja, na huyo hataoa. Ukoo ungeishia hapo. Siku moja aliweka kikombe chini akasema, "Leta hiyo chupa. Huko chini kunakuwanga baridi saa zote."

Zilpah alinitazama. Wachimbaji wa kwetu hawataki mwanamke akaribie shimo, eti dhahabu itakimbia. Kumpa Phanuel chupa ilikuwa ni kutoiona tena hadi Desemba, nayo iko mikononi mwa mtu asiyeitaka misa yenyewe.

"Atakunywa yote," nilimnong'oneza. "Ama ataangusha, aseme imeteleza."

"Najua," akajibu, na akampa. Moyo wa namna hiyo mimi sina.

Mvua zilipoanza, mashimo ya wengine yalijaa maji. Phanuel alichimba mtaro kuzunguka lake, na nikamcheka kwamba anailinda dhahabu yake kuliko mkewe. Kisha Osiako, aliyekuwa akichimba naye, akaja kwangu amefura kwa hasira.

"Mama Sammy, huyu mzee amerogwa! Tumepata mshipa, dhahabu unaona na macho yako. Anakataa nyundo. Anasema chupa ya kijana imelala kwa ukuta huo, ati tusiitikise. Anashukanga kila asubuhi, anaigusa tu, anapanda."

Osiako akahamia shimo la mtu mwingine. Iguhu watu wamefukiwa wakiwa hai kwa kutafuta dhahabu isiyojaa kijiko, na huyu ameifikia yake akaiacha ukutani. Nilipomweleza Zilpah, aliketi sakafuni jikoni, kiganja mdomoni, mpaka ugali ukaungua.

Jioni ya kuamkia misa Zilpah alimsimulia mwanawe yote. Asubuhi Phanuel alishuka mwenyewe, akaja na chupa ndani ya koti, akaiweka kwenye altare iliyojengwa uani, akaenda kukaa nyuma. Muda wake ulipofika Mathew alifungua, akanusa, akamimina. Kucha za Zilpah zilikuwa zimezama mkononi mwangu. Mathew alifumba macho, na uso wake ukalegea. Divai ilikuwa nzima! Harufu yake ilinifikia mimi, mtu wa Friends, na niliogopa, kwa sababu sikujua kitu kinaweza kulala gizani miezi yote hiyo kikatoka hivyo.

Misa ilipokwisha watu walipanga foleni kupokea baraka ya padre mpya na kubusu viganja vyake, vilivyopakwa mafuta matakatifu siku moja kabla. Zilpah alitangulia. Kisha Phanuel akainuka kutoka nyuma, akaja, akapiga magoti kwenye nyasi. Kwetu baba hampigii mwanawe magoti.

"Padre," akasema, kwa mara ya kwanza, "nibariki."

Mathew hakumpa viganja. Aliinama akaishika mikono ya baba yake, yenye nyufa na udongo wa shimo, akaigeuza, akaibusu yeye kwanza. Ndipo akambariki.