Hema Lililovuja Bila Mvua

Shangazi yangu ameshona mahema miaka ishirini na sita, na hajawahi kulala ndani ya hema hata mara moja. "Nina nyumba," husema akiulizwa. "Nikalale nje, nimefukuzwa?" Wanaolipa ili wakatetemeke porini anawaona mapunguani, ila mahema yao huyashona kana kwamba watakaolala humo ni wanawe. Mshono wake hauvuji. Mimi ninayekata vitambaa meza ya pili najua.

Akaja meneja mpya, mpwa wa mwenye kiwanda, akiwa na jora la kitambaa kinachong'aa kama sufuria mpya. Hiyo ndiyo itakuwa bitana ya mahema, alitufundisha: mwili utoe joto, bitana ilirudishe, mtu alale kama yuko jikoni. Hapo alisema kweli. Lakini ajuaye moja hujiona anajua kumi, basi akaamuru matundu ya hewa ya juu yashonwe yazibwe, eti joto linatorokea huko.

"Na pumzi ya mtu itatokea wapi?" shangazi aliuliza.

"Mama, wewe shona tu."

Akashona.

Mwezi haukwisha, mahema yakaanza kurudi. Wateja walilalamika wameamka wameloa chapachapa, baridi imewaingia mpaka mifupani. Meneja hakujisumbua kufikiri. Alisimama mbele yetu sote akasema mishono ya bibi huyu imechoka kama yeye, Ijumaa akabidhi cherehani. Shangazi alivua miwani akaifuta kwa pindo la gauni. Mtu asiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano ndiye wa kumwita mshonaji mbovu. Niliona uchungu, lakini nikaendelea kukata vitambaa, maana nami nakula hapo hapo.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na baridi ya kuuma. Shangazi alisimamisha uani mojawapo ya yale mahema yaliyorudishwa, akamwomba mwenye kiwanda aje atazame.

"Mwanangu," alimwambia meneja, "ingia na hawa wapakizi wawili, mfunge zipu, mkae saa nzima. Mkitoka wakavu, naondoka bila neno."

Mjomba wake alikuwa ameshaketi kitini, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia. Akaingia na viatu vyake vya kung'aa.

Saa ilipotimia alitoka shati limemganda mgongoni, matone yakining'inia kwenye nyusi. Ndani, bitana yote ilikuwa ikichuruzika pumzi zao wenyewe. Juu hapakuwa na wingu hata moja.

"Mvua imenyesha?" shangazi aliuliza.

Meneja aliangalia viatu vyake. Mwenye kiwanda alikohoa, akasema kwa upole kwamba stoo kuna mahema mia mbili ya namna hiyo, sasa mama atawasaidia kuzibua matundu?

Shangazi alitoa wembe mfukoni, akamwekea meneja kiganjani.

"Aliyeamuru kuziba azibue mwenyewe," alisema. "Na taratibu, usiniharibie mshono."