Sikiliza Ngoma Kabla Hujashuka Chini

Naikumbuka alasiri moja, mwanangu, kwenye ukumbi wa Manundu, mjini Korogwe, nilipodhani binamu yangu Salimu amevunjika shingo.

Tulikuwa vijana wa kijiji cha Sindeni, na brekidansi ilikuwa imetuingia kwelikweli. Baba akituona tunajiviringisha uwanjani alikuwa anauliza kama palizi imekwisha. Tulifanya mazoezi kwa kanda moja tu, kwenye redio ya mjomba, mpaka tukaijua yote: hapa kinanda kinapanda, hapa ngoma zinakatika kidogo, na zikikatika ndipo Salimu anaposimamia kichwa na kuzunguka. Kijijini hapakuwa na wa kutushinda.

Basi tukaenda kushindana Korogwe, tukapangwa na vijana wa Mombo. Kwenye mashindano, wewe unajua, mchezaji hachagui muziki. Anayechagua ni dijei, na dijei wa siku hiyo alikuwa Mzee Mhina, mtu mzima aliyependa muziki wa mashine kuliko chakula. Akaweka kitu ambacho hatujawahi kukisikia. Hakuna mwimbaji, hakuna gitaa. Ngoma za umeme tupu, zinakwenda mbio, na besi inayotikisa mpaka mabenchi.

Salimu hakusubiri. Akaanza mambo yetu yaleyale ya nyumbani. Akashuka, akasimamia kichwa, akazunguka akitegemea ngoma zitakatika. Hazikukatika. Zikamvuta, akaongeza kasi, miguu ikamtupa upande, akaanguka shingo imepinda. Hakuinuka.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Mombo. Kiongozi wao, binti mmoja mrefu aliyeitwa Rehema, alishaingia katikati ya ukumbi. Akamgeukia dijei.

"Mzee, zima kwanza. Sichezi mtu akiwa chini."

Mzee Mhina akauzima. Nikapiga magoti, namfikiria mama mkubwa, mama yake Salimu, kule Sindeni na maneno nitakayomwambia. Muuguzi mmoja aliyekuwa miongoni mwa watazamaji akatuzuia tusimwinue. Akamvua Salimu raba. "Hebu chezesha vidole vya miguu," akamwambia.

Vidole vikacheza. Mwanangu, sijawahi kufurahia vidole vya mtu namna ile. Nilicheka huku machozi yananitoka. Hospitali wakasema ni msuli tu.

Jioni Mzee Mhina akaja kutuona. Tukampa shikamoo, akaitikia, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ninyi hamkucheza muziki wangu," akasema. "Mmecheza kanda iliyo vichwani mwenu. Zile ngoma zilikuwa zinawaambia msishuke bado."

Hakupandisha sauti, ila Salimu aliangalia ukutani. Tangu hapo tukajifunza kukaa na kusikiliza, hata muziki tusioupenda, kabla ya kunyanyua mguu. Leo Salimu ana wajukuu, na shingo yake inageuka pande zote, alhamdulillahi.

Nasikia na ninyi mnajiandaa kwenda kushindana mjini. Nendeni. Ila fanya mazoezi kwa miziki mingi, na ukifika ukumbini simama kwanza, uusikie ule uliowekwa siku hiyo. Usikimbilie kuonyesha ulichokariri, cheza kinachopigwa. Na mshindani wako akianguka, muziki uzimwe kwanza. Kombe litasubiri.

Mungu ailinde mifupa yako, akupe masikio yenye subira, na akurudishe kwa mama yako ukiwa unatembea kwa miguu yako mwenyewe.