Ufagio Umetukosesha Stendi

Jamani, leo usafi umetuponza!

Fedha za stendi ya mabasi zimepatikana, na afisa mipango alikuja kijijini kwetu huku Maramba kuchagua eneo. Sisi tulitaka gulioni. Basi jana, kwa heshima ya mgeni, tukaondoa meza zote na kufagia, hata ganda la chungwa halikubaki.

Kafika, katazama, kasema: "Hapa patupu. Stendi tutaiweka kule barabara kuu."

Wenye machungwa tukapiga kelele!

Machungwa yetu tuyabebe kichwani mpaka kule? Nikasimama: "Kaka, rudi Alhamisi, siku ya gulio."

Kakubali.

Wenye machungwa, samaki, mihogo, Alhamisi alfajiri nawataka wote gulioni. Na asifagie mtu! Ufagio wa kijiji ninao mimi, uvunguni.