Majina ya Alhamisi Mchangani

Wewe unanijua, kwa hiyo sitakuficha: nimechoka kuandika tafakari. Kila Ijumaa waumini wangu huku Ndola huanza kuulizia kwenye simu, Mama Pasta, neno la juma liko wapi, nami nakaa na kikombe cha chai mpaka kinapoa, nikitafuta namna nyingine ya kuwaambia watu waliochoka kama mimi wasikate tamaa. Mwezi uliopita nilitumwa kambi ya Mantapala kuwatembelea wakimbizi. Tulipofika Nchelenge, kwetu nilikokulia, nikamwomba dereva anishushe kidogo kando ya ziwa. Nilitaka kuuona mchanga wa chisense.

Chisense ni dagaa wa ziwa letu la Mweru, wadogo, weupe, wenye macho makubwa kuliko akili. Nilipokuwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya tisini, mitumbwi iliwashusha alfajiri na wanawake wakawatandaza mchangani, ufukwe mzima ukang'aa. Kisha siku nzima ni kuwageuza kwa fagio la vijiti, kufukuza kuku, kutukana mbuzi, na kutazama mawingu. Kazi yangu ilikuwa kupigana na kunguru. Harufu ile niliivaa mpaka shuleni na kanisani, na kwa kuwa wote tulinuka, hakuna aliyenuka. Mchana bibi, mama yake baba, alinikaangia wabichi wachache kwa chumvi tu, tukala na bukari, ugali wetu wa muhogo, vidole vikiungua.

Sasa, chisense huvuliwa kwa taa, mwezi usipokuwepo. Mwezi ukiwa mpevu hakuna kazi, na kanisa letu lilijaa hadi dirishani. Mwezi ukitoweka, Jumapili ilibaki na wazee, watoto na mchungaji. Huyu mchungaji alikuwa ametoka ng'ambo, upande wa Kongo, mtu mrefu mwembamba aliyeonekana kila wakati kama ameamka kabla ya usingizi kuisha. Mwanzoni aliwagombeza wanawake. Wakamsikiliza kwa adabu, wakarudi kwenye samaki wao. Mwishowe akachoka kugombeza, akaanza kuja mwenyewe mchangani kila Alhamisi, na baiskeli, mguu wa suruali umefungwa kwa mpira.

"Kama batu habawezi kukuya kwa neno," alisema, "neno itakuya kwa batu."

Alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa akazungumza nao wakiendelea na kazi. Hakuhubiri kwa sauti kubwa. Alizungumzia chumvi, ugomvi wa kisimani, mume anayerudi mikono mitupu. Juma moja alizungumzia wale wanaochanganya mchanga na chisense ili meda, lile kopo la kupimia, lijae upesi. Akauliza tu Bwana akialikwa kula nyumbani kwa mteja atatafuna nini. Wanawake walicheka, na wawili watatu wakacheka kidogo kuliko wenzao.

Baada ya neno yalifuata majina. Hilo lilianza vita vya ng'ambo vilipowaka, watu wetu wengi wakiwa huko na biashara ya samaki, au wakiwa majini kati ya huku na kule. Kila familia ilitaja jina la mtu wake, na sisi wote tukajibu kwa pamoja: "Arudi." Mtu akirudi salama, Alhamisi iliyofuata alikuja mwenyewe mchangani. Jina lake likitajwa, alijibu mwenyewe, "Niko," na vigelegele vikapigwa mpaka kunguru wakaruka bila msaada wangu.

Bibi alitaja jina la baba yangu. Baba alikuwa amevuka na magunia ya chisense kwenda kuuza, vita vikamkuta huko, na hatukupata habari yake tena. Bibi alilitaja kwa sauti ya juu kuliko wote. Nami nilijibu "Arudi" kwa nguvu zangu zote, nikiamini kwamba kuchelewa kwake kulitokana na wengine waliojibu kivivu.

Mama yangu alijibu pia, lakini miaka ilivyokwenda sauti yake ilipungua. Alikuwa bado msichana, nikimfikiria leo. Fundi wa matofali wa upande wa Kafutuma alikuwa anamtaka, mtu mpole, na wote tulijua. Lakini kwa desturi mjane huachiliwa na watu wa mumewe aolewe tena baada ya mkeka wa msiba kutandikwa, na aliyepaswa kuutandika alikuwa bibi. Bibi alikataa.

"Mwili sikuona," alisema. "Nitalilia nini, hewa?"

Basi mama akamfuata mchungaji, nami nikiwa nimeshika kitenge chake.

"Pasta, mi njo nani sasa? Muke ya mutu, ao mujane?"

Mchungaji aliegemeza baiskeli yake kwenye mtumbwi. "Mama," akasema, "mi siwezi kuzika mutu mwenye mama yake anamungojea."

Mama hakulia. Alirudi kugeuza samaki. Sasa naelewa kwamba yale majina, jambo jema kuliko yote tuliyokuwa nayo, ndiyo yaliyokuwa yamemfunga. Kila Alhamisi sisi sote, kwa upendo, tulimkazia kamba.

Halafu ikaja Alhamisi moja, mvua zikiwa zinakaribia kuanza. Asubuhi wingu jeusi lilisimama juu ya kisiwa cha Chisenga, na bibi akawahi kufunika samaki wake wote kwa plastiki nyeusi. Wenzake nao wakafunika. Wingu likapita zake ng'ambo, jua likawaka kwelikweli, wenzake wakafunua. Bibi hakufunua. Mama alimwambia mara moja, kwa heshima, na akajibiwa kwamba mvua inarudi.

Mchungaji alipofika mchana, alikaa juu ya mtumbwi wake akavua kofia. "Leo sina na neno, bamama," akasema. "Nimechoka." Hakuna aliyemlaumu. Jua lilikuwa kali, na kwao ng'ambo kulikuwa kunaungua kwa vita, na yeye pia alikuwa na watu ambao majina yao tulikuwa tunayataja. Kisha akanusa. Sote tulikuwa tumekwisha kunusa. Akainuka, akashika ncha moja ya plastiki, na bibi, baada ya kusitasita, akashika nyingine.

Chini yake samaki walikuwa wametoka jasho, wamelegea, wameharibika wote. Bibi, aliyeanika chisense tangu usichana wake! Hakuna aliyecheka.

"Uliogopa mvula, mama," mchungaji alisema polepole. "Mvula haikukuya."

"Niliogopa sana, pasta."

Hayo tu ndiyo yaliyosemwa. Yakaja majina. Mmoja alitaja, tukajibu, mwingine akataja, tukajibu. Zamu ya bibi ilipofika, alisimama na plastiki mkononi, akataja jina la mama yangu.

Tulidhani amechanganyikiwa. Mama alikuwa pale pale, amepiga magoti na fagio lake. Hakuna aliyejua la kujibu, maana huwezi kusema "Arudi" kwa mtu unayemwona. Bibi akalitaja tena, kwa ukali kidogo, kama anavyoitwa mtoto asiyesikia. Ndipo mama akainuka, mchanga magotini.

"Niko," akasema.

Kigelegele kimoja kilipigwa, kisha vyote. Mchungaji alijifuta uso kwa kofia. Mimi nilikuwa nasubiri bibi aendelee. Hakuendelea. Alikuwa anakunja plastiki.

"Na tata?" nikamuuliza, maana jina la baba halikuwa limetajwa.

"Kamata beseni," bibi akaniambia. "Tuende."

Mkeka ulitandikwa mwezi ule ule. Mama aliachiliwa, akaolewa Kafutuma, na nikamsikia akicheka kwa kicheko ambacho sikujua kama anacho. Nilimfurahia, na bado nafurahi. Lakini kwa miaka mingi nilimkasirikia yule mchungaji aliyekuja bila neno, maana siku mama aliporudi ndiyo siku baba yangu alipokufa, na mimi sikuulizwa.

Mchungaji naye baadaye alivuka kurudi kwao. Sijui kama alifika. Alhamisi zilikuwa zimekwisha, na jina lake halikutajwa na mtu. Bibi amelala kwenye makaburi ya juu, mbali na harufu aliyoipenda. Mchanga wenyewe nusu umejengwa vibanda vya soda na simu, na chisense wachache niliowaona walikuwa wameanikwa juu ya nyavu. Msichana mmoja aliyekuwa anawageuza alinitazama nilivyosimama na viatu vyangu vya mjini.

"Mama, unatafuta mutu?"

Nikamwambia hapana, akarudi kwenye kazi yake. Dereva akapiga honi. Nikageukia maji nikataja jina la baba, kwa sauti, kama bibi alivyolitaja. Nikangoja kidogo, kwa mazoea. Kisha nikajibu mwenyewe:

"Arudi."