Nyuma ya Kabati la Mama Mkwe

Mume wangu ana ugonjwa mmoja: haachi nyuma ya kabati. Mafundi rangi wenzake hupaka panapoonekana, wakachukua chao wakaenda. Yeye atasukuma kabati, friji, kitanda, na ukizubaa atakusukuma na wewe. Mtaani wanamwita Kona.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumsifu: mama yake. Kifungua mimba ndiye aliyetazamiwa awe daktari, akaishia kushika brashi. Kwa hiyo mama mkwe alipotaka sebule yake ipakwe nyekundu iliyokolea, ile ya maharage, Kona alichanganyikiwa kwa furaha. Rangi aliichanganya mara tatu mpaka akaridhika.

Mama mkwe alikwenda kwa dadake siku mbili. Mlangoni akatuambia, "Kabati msiliguse. Lizungukeni tu."

"Anauonea huruma mgongo wangu," Kona akasema.

"Bwana wee, umeambiwa usiguse, usiguse!" Angesikia? Ng'o.

Tukatoa vyombo, tukasukuma. Nyuma yake kulikuwa na mistari mitano ya penseli, mmoja juu ya mwingine. Wa chini usawa wa paja langu, wa juu umepita kiuno kidogo.

"Vipimo vya waashi," akasema mtaalamu wangu. "Walitaka kuweka rafu." Akaipiga msasa mpaka ukuta ukawa laini. Akapaka kijivu kwanza, maana nyekundu nzito haikai vizuri juu ya nyeupe, kisha nyekundu, kisha nyekundu tena. Pale nyuma ya kabati alipaka mwisho, na palikuwa pabichi mama mkwe aliporudi.

"Mama yangu!" alimaka mlangoni, mkono kifuani. "Hii ni nyumba yangu kweli?" Akazunguka, akacheka, akamgeukia mwanawe. "Ahsante, fundi."

Fundi! Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita hivyo. Kona akaonyesha ukutani kwa brashi.

"Na nyuma ya kabati nimepaka vilevile, mama. Sijaacha hata pa kuweka kidole."

Kicheko kikakatika. Mama mkwe akalitazama kabati, limesimama katikati ya chumba na turubai lake.

"Na ile mistari?"

"Ya waashi? Nimeipiga msasa. Safi kabisa."

Akausogelea ukuta polepole. "Ni ya kaka yako," akasema. "Marehemu baba yako alikuwa akimpima kila mwaka. Kaka yako alifariki miezi mitatu kabla wewe hujazaliwa."

Yalaa! Nikakalia ndoo ya rangi. Ukoo mzima ulimwita Kona kifungua mimba, mashangazi kwa wajomba, na hakuna aliyefungua mdomo!

Kona alisimama kama aliyepigwa shoti, rangi ya brashi inamdondokea kwenye viatu.

"Nina kaka?" Ana ndevu zenye mvi, lakini aliuliza kama mtoto. "Mbona hukuniambia?"

"Nilisubiri ukue kwanza. Ukakua, nikashindwa."

Akaweka kiganja ukutani, juu kidogo ya kiuno chake. "Aliishia hapa."

Alipokitoa kilikuwa chekundu, na ukutani kumebaki mkono mzima, vidole vitano. Kona, kwa mazoea tu, akainua brashi kusawazisha. Ilikaribia kabisa kugusa. Kisha akaishusha, akapiga magoti pale chini, akalia.

Kabati tulilihamishia ukuta wa pili. Ule mkono bado upo, na Kona hajaupaka.