Migomba Iliyokunja Majani

Jani la mgomba likipigwa na jua la mchana hutoa harufu ya nyasi zilizochemshwa, tamu kidogo, inayokaa kooni. Nikiisikia, hurudi enzi za Wadachi, kama tulivyowaita Wajerumani, mahali panapoitwa leo Maji ya Chai, tulipokuwa watu wawili tu, mama na mimi. Baba alikuwa amefia kwenye kazi ya shuruti, akibeba mawe ya boma, na kihamba chetu cha mlimani, shamba la migomba tulilorithi kwa ukoo, kilikuwa kimepewa mlowezi. Mama hakulia, au hakulia mbele yangu. Alifunga machipukizi ya migomba kwa kamba, akajitwika, akanishika mkono tukateremka. Nami sikulia. Nilikuwa na miaka kama saba, na moyo wangu ulikuwa umekufa ganzi.

Baba mdogo, ndugu yake baba, alitusindikiza hadi njia panda. "Shemeji," alisema kwa upole, "migomba ikishika huko, mtoto kaa naye. Isiposhika, nitakuja kumchukua. Siwezi kuacha damu ya kaka yangu ife njaa." Mama aliitikia kwa kichwa tu.

Udongo wa kule ulikuwa changarawe na majivu ya mlima. Mimea ya asili ya huko ilijua kuishi humo: migunga ilikuwa na vijani vidogo kama kucha za mtoto mchanga, na mikonge pori ilisimamisha majani yake manene, yenye nta, ili jua liyapite ubavuni. Migomba yetu ilikuja na majani mapana ya mlimani, kama mtu aliyevaa nguo za sherehe kwenda kukata kuni. Jani la chini lilipogeuka njano nilitaka kulikata, mama akanizuia. "Liache. Linampa mwenzake wa juu chakula chake." Lilipokauka kabisa ndipo tulilifukia shinani. Na kila siku jua lilipopanda, majani yalijikunja pande zote mbili, yakificha ule upande wa chini wenye unga mweupe, ambako jani hupumulia. Mara ya kwanza nilikimbia kumwita mama, nikidhani yanakufa. Alinikalisha kivulini, tukangoja. Jua liliposhuka yalifunguka, moja baada ya jingine. Ni siku hiyo tu ninayokumbuka kumwona akitabasamu kule.

Baba mdogo alikuja msimu ulipokwisha, akafika saa saba mchana. Kwao mlimani mawingu hufunika migomba karibu kutwa, hivyo hakuwahi kuona jani likijikunja. Aliona shamba zima limeinamisha majani, ya chini yamekauka, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hii imekufa."

"Haijafa. Kaa kwanza, jua lishuke."

"Giza litanikuta njiani na mtoto."

Mama hakurudia. Alinifungia nguo yangu, akanipa kibuyu cha maji. Nilimtazama nikingoja apige kelele, hakupiga, nikaamua kwamba hanitaki. Nikamfuata baba mdogo bila kugeuka. Sikuhisi kitu, hata miiba niliyokanyaga.

Nililelewa vizuri, siwezi kudanganya. Niliporudi nilikuwa msichana mkubwa na Wadachi walikuwa wamekwisha kuondoka. Nilimkuta mama chini ya migomba yenye mikungu iliyoegemezwa kwa magongo.

"Yalifunguka jioni ile ile," akasema. "Nilikaa nikiyatazama."

Hapo ndipo nilipolia, na yeye akalia, tukiwa tumesimama mbalimbali kama watu wasiojuana.

Mama amelala shambani humo sasa, na mimi ndiye mzee wa nyumba. Barabara inapita karibu, mabasi yanapiga honi, na wajukuu wangu wana maji ya bomba. Wakiona majani yamejikunja mchana hukimbilia ndoo, nami nawaacha, maji hayajawahi kuua mgomba. Baba mdogo simlaumu tena, ingawa ilinichukua muda mrefu. Lakini mgeni akinifikia saa saba, simwachi aondoke mpaka jioni. Wageni wananiita king'ang'anizi, na ni kweli. Nawapikia ndizi, nawawekea kiti kinachoelekea shamba, na tunangoja jua lishuke.